Bendera ya Taifa: Maswali ya wasomaji kuhusu rangi nne na mstari wa mshazari

Katika toleo lililopita tulitaja kwa ufupi kwamba bendera ya Tanzania ilianza kutumika tarehe 30 Juni 1964. Barua zilizokuja baada ya hapo zimeonyesha kuwa wasomaji wengi wanazijua rangi zake kwa majina, lakini wana maswali kuhusu zilikotoka na sababu ya kupangwa zilivyopangwa. Safu hii yote tumeitoa kwa maswali hayo.

Ndugu Mhariri, tulikuwa tunabishana barazani. Mzee wetu mmoja anasisitiza kwamba rangi ya kijani katika bendera ni Tanganyika, bluu ni Zanzibar, na weusi wa katikati ni mpaka unaozitenganisha. Sisi shuleni tulifundishwa vingine. Nani yuko sahihi?
*Msomaji, Tanga*

Mlichofundishwa shuleni ndicho sahihi. Kijani ni ardhi ya nchi na mimea yake, nyeusi ni wananchi, njano ni utajiri wa madini, na bluu ni maji, yaani Bahari ya Hindi pamoja na maziwa na mito. Hakuna rangi hata moja iliyopewa maana ya upande mmoja wa Muungano. Hata hivyo, nisingependa mzee wenu abezwe, kwa sababu hoja yake ina asili. Kilichotokea ni kwamba amechanganya maswali mawili yanayofanana kwa sura: rangi imetoka wapi, na rangi ina maana gani.

Tuanze na ilikotoka. Bendera ya Tanganyika iliyopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 katika Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam, na ambayo usiku huohuo Luteni Alexander Nyirenda aliisimika kwenye kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa na kijani juu na chini, weusi katikati, na mistari miwili myembamba ya njano iliyotenga weusi na kijani. Ilitokana na bendera ya chama cha TANU, ambayo ilikuwa kijani, nyeusi na kijani. Upande wa pili wa maji, baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, Zanzibar iliiacha bendera ya Sultani na kupata bendera ya mapande matatu yaliyolala: bluu juu, nyeusi katikati na kijani chini, rangi ambazo zilikuwa za chama cha Afro-Shirazi.

Sasa chukueni kalamu za rangi mzichore bendera hizo mbili ubavu kwa ubavu. Tanganyika ina kijani, nyeusi na njano. Zanzibar ina bluu, nyeusi na kijani. Mtaona jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo zuri kuliko yote katika historia ya bendera hii: rangi mbili kati ya nne zilikuwapo tayari pande zote mbili kabla ya Muungano, na kila upande ukaleta rangi moja tu ambayo mwenzake hakuwa nayo. Njano ilitoka Tanganyika na bluu ilitoka Zanzibar. Kwa hiyo anayesema kijani ni Tanganyika anainyima Zanzibar kijani chake yenyewe, na anayeuita weusi mpaka anasahau kwamba katika bendera zote mbili weusi ulikaa katikati, ukiwa na maana ya watu. Pale katikati ndipo bendera hizo mbili zilipokuwa zikifanana kabisa hata kabla hazijaunganishwa.

Bluu peke yake ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini zaidi. Tanganyika ilikuwa na pwani ndefu kuanzia Tanga hadi Mtwara, ikawa na sehemu ya Ziwa Victoria, ya Ziwa Tanganyika na ya Ziwa Nyasa, na bado bendera yake haikuwa na rangi ya maji. Maji yaliingia katika bendera kwa njia ya Muungano. Yalipoingia hayakubaki kuwa bahari ya visiwani tu, kwa kuwa maana ya bluu ilipanuliwa ikabeba maziwa na mito ya bara. Mvuvi wa Ukerewe na mvuvi wa Kizimkazi wote wamo katika pembetatu moja.

Kumbukeni pia mpangilio wa tarehe. Muungano ulikuwa tarehe 26 Aprili 1964, bendera ikafuata tarehe 30 Juni, na jina la Tanzania lilitangazwa tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo. Kwa takriban miezi minne, basi, bendera tunayoiita ya Tanzania ilipepea juu ya nchi iliyokuwa bado inaitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Bendera ina umri mkubwa kuliko jina.

Mimi ni fundi cherehani. Nimepewa kazi ya kushona bendera za shule, kila moja sentimita 120 kwa 180. Tatizo langu ni mstari mweusi: nikiukata, haufiki kwenye kona, au unafika kona moja na kuikosa nyingine. Halafu naomba kuuliza, kwa nini hawakuweka mistari iliyonyooka kama ya majirani zetu? Ingekuwa rahisi zaidi kushona.
*Fundi, Morogoro*

Fundi, nashukuru kwa swali lako, maana ndilo lililonifanya nishike futi na kamba kabla ya kushika kalamu.

Vipimo ulivyopewa ni sahihi, kwa kuwa bendera yetu ina uwiano wa 2 kwa 3. Kosa linalowapata mafundi wengi ni kukunja kitambaa pembe kwa pembe kama wanavyokunja leso ya mraba. Mraba ukikunjwa hivyo hutoa mshazari wa nyuzi 45, lakini bendera si mraba. Mshazari wake umelala zaidi, karibu nyuzi 34 kutoka ukingo wa chini, na ndiyo maana mstari uliokatwa kwa nyuzi 45 unaikosa kona. Acha kukunja. Tandaza kitambaa mezani, vuta kamba kutoka kona ya chini iliyo upande wa mlingoti hadi kona ya juu iliyo upande wa mwisho, na kwa vipimo vyako kamba hiyo itakuwa na urefu wa sentimita 216 hivi. Hapo piga chaki.

Chaki hiyo ni kitovu cha mstari mweusi. Wengine huifanya kuwa ukingo wake, na weusi wote ukaangukia upande mmoja, pembetatu moja ikawa kubwa kuliko nyingine. Pima upana sawa juu na chini ya chaki, kisha ndipo uweke njano pembeni kwa kufuata mchoro rasmi. Ukimaliza, tazama kona zile mbili: ncha zake lazima ziwe zimejaa weusi, na mistari ya njano iishie kwenye kingo, hatua kidogo kabla ya kona. Ukiona njano imeingia kwenye ncha ya kona, rudia.

Lipo jambo jingine ambalo wewe unalijua kuliko mimi, lakini nimeliona kwa macho. Kitambaa kilichokatwa mshazari huvutika. Niliwahi kukaa kando ya cherehani ya fundi mmoja aliyekuwa akishona bendera ya namna hii kwa haraka. Alikuwa akiuvuta ule utepe wa njano kwa kidole huku mguu uko kwenye pedali, na mezani kazi ilionekana safi. Ilipopandishwa juu ya mlingoti, utepe ulirudi ukajikunja, na weusi wote ukawa na mawimbi kama bati la paa. Piga bandi kwanza kwa mkono, mshazari wote, ndipo upitishe cherehani bila kuvuta. Na kwa kuwa matumizi ya bendera yanasimamiwa na Sheria ya Nembo za Taifa, ni vyema shule iliyokupa kazi ikupe pia mchoro rasmi, usifanye kazi kwa kukisia kutoka kwenye picha ya simu.

Kuhusu sababu ya mshazari, nitakueleza ninavyolisoma umbo lenyewe. Mistari iliyolala huwa na wa juu na wa chini. Mistari iliyosimama huwa na aliye karibu na mlingoti na aliye mbali nao. Bendera mbili zinapounganishwa, kila moja ikiwa na heshima yake na watu waliokwisha kuipigia saluti, mpangilio wa namna hiyo unalazimisha swali la nani awekwe juu ya nani. Mshazari unaliondoa swali hilo. Pembetatu ya kijani imechukua sehemu kubwa ya ukingo wa mlingoti pamoja na sehemu kubwa ya ukingo wa juu. Pembetatu ya bluu imechukua sehemu kubwa ya ukingo wa mwisho pamoja na sehemu kubwa ya ukingo wa chini. Ukizikata ukazilaza moja juu ya nyingine zitalingana kabisa. Ukikumbuka kuwa visiwa vya Zanzibar ni chini ya asilimia 1 ya eneo la nchi kavu ya Jamhuri ya Muungano, utaona kwamba aliyeipanga bendera hakupima kwa ekari. Rangi iliyotoka visiwani ilipewa nafasi kamili.

Mshazari si wetu peke yetu. Kongo ya Brazzaville inao, na Namibia, iliyopata uhuru tarehe 21 Machi 1990, ina bendera ambayo kwa mbali watu huifananisha na yetu, ingawa mstari wake ni mwekundu wenye kingo nyeupe, bluu iko juu ikiwa na jua la miale 12, na kijani kiko chini.

Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Kenya na Uganda zina rangi nyekundu kwenye bendera zao, na tumeambiwa nyekundu ni damu ya waliopigania uhuru. Kwa nini sisi hatuna? Hatukuwa na mashujaa?
*Mwanafunzi, Singida*

Marahaba, mwanangu. Mashujaa tulikuwa nao, na Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907 vinatosha kuwa ushahidi. Kutokuwapo kwa nyekundu hakuna maana kwamba damu hiyo ilisahauliwa. Bendera ya Tanganyika ilirithi rangi za TANU, chama kilichoufikia uhuru kwa njia ya mikutano, mazungumzo na kura. Bendera ya Kenya, iliyopandishwa tarehe 12 Desemba 1963, ilirithi rangi za KANU, ambazo ni nyeusi, nyekundu na kijani, baada ya mapambano yaliyomwaga damu nyingi, kisha ikaongezewa mistari myeupe ya amani. Kila bendera ilichukua rangi za chama kilichokuwa mbele ya watu wake wakati huo.

Ila naomba nikusahihishe jambo moja kuhusu Uganda. Bendera yao ya tarehe 9 Oktoba 1962 ina nyeusi, njano na nyekundu, na kule nyekundu inaelezwa kuwa ni udugu: damu ile ambayo kila mtu anayo mwilini mwake. Sasa tazama Nembo yetu ya Taifa, ile yenye mwanamume na mwanamke walioshika pembe za ndovu juu ya mlima Kilimanjaro. Katika ngao yake, chini ya sehemu yenye bendera, ipo sehemu nyekundu, na hiyo inawakilisha udongo wenye rutuba. Basi nchi tatu zinazopakana zimeitumia rangi moja kwa maana tatu: damu iliyomwagika, damu inayounganisha, na udongo. Ukiulizwa kwenye mtihani nyekundu ina maana gani, jambo la kwanza ni kuuliza ni nyekundu ya nani.

Ongeza na hili katika daftari lako. Wekundu ulikuwapo huku kwetu zamani. Chini ya Waingereza, bendera ya Tanganyika ilikuwa nyekundu yenye alama ya Uingereza kwenye kona na kichwa cha twiga. Na bendera ya masultani wa Zanzibar ilikuwa nyekundu kwa miaka mingi, hata ile iliyopandishwa kwa uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963, ambayo iliwekewa duara la kijani lenye karafuu. Zote mbili zilishushwa, na zilizopandishwa badala yake hazikuwa na nyekundu.

Rangi ile ni njano au ni dhahabu? Na je, inawakilisha dhahabu tu, au na tanzanaiti imo?
*Msomaji, Arusha*

Yote mawili husemwa na hakuna anayekosea. Kitambaa kinachouzwa dukani ni cha njano. Anayeeleza maana husema rangi ya dhahabu kwa sababu anawazia madini. Maana yake ni madini yote ya nchi. Ilipochaguliwa mwaka 1961, watu walikuwa wakiifahamu dhahabu ya Lupa kule Chunya na almasi ya Mwadui iliyogunduliwa mwaka 1940. Tanzanaiti ya Mererani haikuwa imejulikana, kwani iligunduliwa mwaka 1967, miaka 3 baada ya bendera hii kuanza kupepea. Imeingia ndani ya maana ambayo ilikuwa imekwisha kutayarishwa, nayo madini mengine yatakayopatikana kesho yana nafasi humo humo.

Njano hiyo ina kazi nyingine ambayo haihusiani na madini. Weusi uliokaa ubavuni mwa kijani kilichokolea, au ubavuni mwa bluu, humezana nayo ukitazama kwa mbali, hasa jioni au siku ya mawingu. Weka utepe mwembamba wa rangi angavu kati yao na jicho litaziona rangi mbili waziwazi hata kutoka ng'ambo ya uwanja. Mistari myeupe ya Kenya hufanya kazi hiyohiyo. Jaribu kuifunika njano kwa vidole kwenye picha kisha usogeze picha mbali. Utaona jinsi bendera inavyozimika.

Bendera ya Zanzibar ya sasa ni ileile ya mwaka 1964?
*Msomaji, Chake Chake*

Karibu ni ileile. Iliyoanza kutumika tarehe 9 Januari 2005 ina mapande yaleyale matatu, bluu juu, nyeusi katikati na kijani chini, na imeongezewa bendera ndogo ya Jamhuri ya Muungano kwenye kona ya juu iliyo upande wa mlingoti. Kwa hiyo ndani yake bluu, nyeusi na kijani zinaonekana mara mbili, mara moja zikiwa zimelala na mara moja zikiwa mshazari, na njano inaonekana mara moja tu, pale konani.

Katika picha ya mkutano fulani niliona bendera yetu mstari wake ukipanda kuelekea kushoto. Mwenzangu anasema imepinduliwa, mimi nasema picha imegeuzwa. Tutajuaje?
*Msomaji, Mwanza*

Huenda nyote wawili mmekosea. Bendera ina pande mbili, na ukisimama upande wa pili, mlingoti ukiwa kulia kwako, mstari lazima uonekane ukipanda kuelekea kushoto. Hiyo ni bendera iliyotundikwa vizuri ikitazamwa kutoka nyuma.

Bendera iliyopinduliwa kweli ni tatizo la aina nyingine, na ni gumu kulitambua kuliko watu wanavyodhani. Ukiichukua bendera yetu ukaigeuza chini juu, ukaifunga kwenye kamba kwa upande usio wake, mstari mweusi utaendelea kupanda kutoka kona ya chini ya mlingoti hadi kona ya juu ya mwisho, vilevile kama kawaida. Weusi haubadiliki, njano haibadiliki. Ndiyo sababu kosa hili hupita mbele ya watu wazima wengi, wakiwa wamesimama kimya na kwa heshima zote wakati bendera ikipandishwa, bila yeyote kushtuka. Aliyeshika kamba, kabla hajaivuta, asiutazame mstari. Atazame kitambaa kilichoshonewa kamba: rangi ya kijani lazima iwe imegusa mlingoti kwa juu. Akiona bluu imeshika mlingoti, afungue fundo na aifunge upya ikiwa bado iko chini.